Nyumba ya Mzazi na Mrithi Aliye Mbali

Mas-ala haya yalitujia darasani baada ya sala ya Isha, nasi tulidhani ya kwamba tutayamaliza kwa usiku mmoja. Yalionekana mepesi. Mtu amefiwa na mama yake. Mama ameacha nyumba. Warithi wajulikana, na mafungu yao yamekwisha kugawanywa na Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Suratin-Nisaa, wala hapana mtu aliyeachiwa kuyaongeza au kuyapunguza. Mrithi mwenye fungu kubwa yuko ng'ambo, naye ataka nyumba iuzwe apate chake. Pana swali gani hapo? Lakini usiku wa kwanza ulipita, na wa pili, na watu wakatoka msikitini wamenuniana. Ndipo tulipoona ya kwamba ni heri tuyaandike, maana si mambo ya nyumba moja. Hapana mtaa katika Mji wa Kale wa Mombasa, wala Malindi, wala Lamu, usiokuwa na nyumba ambayo wenyewe wako Jeddah, au Dubai, au Maskati, au Uingereza, au Kanada. Na kila mwaka husikia moja imeuzwa, na aliyeiuza hakushuka hata kuifungua.

Majina hatutayataja, na mambo mawili matatu tumeyageuza ili wenyewe wasitambulikane. Mama alifariki akaacha mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mwana yuko Uingereza yapata miaka 28. Binti mmoja ameolewa Jeddah. Binti wa pili ndiye aliyebaki nyumbani, na ndiye aliyemwuguza mama miaka 6, na katika hiyo miaka 2 mama alikuwa hainuki kitandani. Alikuwako mwana mwingine wa kiume, lakini yeye alikufa mbele ya mama yake, akaacha mtoto aliyelelewa na bibi yake. Mtoto huyo sasa ni kijana wa miaka 17. Hulala katika chumba cha uani, na asubuhi huweka meza yake barazani akauza mahamri na mbaazi. Yule binti asema ya kwamba mama, siku chache kabla ya kufa, alimwambia: mjukuu wangu asitolewe chumbani mwake mpaka apate pa kukaa. Maneno haya hakuyasikia mtu mwingine. Baada ya miezi 11 ndugu wa Uingereza alipata mnunuzi kwa njia ya dalali, na bei ni nzuri, akaleta waraka wa uwakala, akataka nyumba iwe tupu katika siku 60. Dada akajibu: sitoki. Kisha wote wawili wakatuandikia sisi, kila mmoja akitaka tumwambie ya kwamba haki ni yake.

Hukumu ya mafungu haina shaka. Mume wa marehemu alitangulia zamani, na wazazi wake pia. Mwana wa kiume huchukua fungu la mabinti wawili. Basi hapa nusu ni yake, na kila binti ana robo. Mjukuu hapati kitu kwa njia ya mirathi, kwa kuwa ami yake yu hai, na mwana humzuia mwana wa mwana. Tuseme kwa mfano nyumba imeuzwa kwa shilingi 8,000,000, na gharama za maziko na madeni yamekwisha kutolewa: ndugu wa Uingereza atachukua 4,000,000, dada wa Jeddah 2,000,000, na dada aliyebaki 2,000,000. Kwa fedha hizo hatapata nyumba nyingine Mji wa Kale. Hiyo ni hesabu ambayo kila mtu wa Mombasa aijua bila ya kalamu. Na kwa yule kijana hata hesabu haipo.

Darasani palitoka kauli mbili, na zote mbili hazikuturidhisha. Ya kwanza ni ya mwenzetu mmoja hodari wa ilimu ya faraidhi. Yeye alisema: haki imekwisha kubainishwa, mwenye haki apewe haki yake, na mengine yote ni maneno ya machozi. Ya pili ni ya mzee wetu aliyesema ya kwamba nyumba ya mzazi haiuzwi, na mwenye kuiuza hupatwa, na roho ya mama itakuwa ikizunguka pale mlangoni haina pa kutulia.

Tuanze na hii ya pili, kwani ndiyo iliyoenea mitaani. Roho za waja ziko kwa Mola wao. Hazikai katika boriti wala katika vidaka, wala hazingojei kufukiziwa ubani usiku wa kuamkia Ijumaa. Nyumba ni mawe na chokaa. Mayiti ahitaji deni lake lilipwe, wasia wake utimizwe, aombewe dua na atolewe sadaka. Na hayo yote yafanyika nyumba ikiwa imeuzwa au haikuuzwa. (Na tuseme kwa kupita: wako wasiothubutu kuiuza nyumba ya mama, lakini huthubutu kupika pilau ya arobaini kwa mali ya mirathi na deni la mama halijalipwa, na huku miongoni mwa warithi wamo watoto wadogo. Hao wamekiogopa kisichotisha, wakakivamia kinachotisha.)

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alizaliwa Makka na kukulia Makka, kisha akahama. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim, kutoka kwa Usama bin Zaid, ya kwamba Mtume alipokuwa akija Makka aliulizwa kama atashukia katika nyumba yake. Naye akauliza kama Aqil amewaachia nyumba yoyote. Aqil na nduguye Talib ndio waliomrithi Abu Talib, kwa kuwa Ali na Jaafar walikuwa wamekwisha silimu, na Mwislamu hamrithi asiyekuwa Mwislamu. Na nyumba zile zilikuwa zimekwisha toka mikononi. Mtume hakuivunja biashara ile, wala hakumtoa mtu ndani, wala hakusema ya kwamba Makka imepotea kwa kuwa nyumba imepotea.

Tena wasimulia wenye kuandika sira khabari za watu wa nyumba ya Jahsh. Wao walihamia Madina wote, waume kwa wake, mpaka nyumba yao ikafungwa haina mtu. Wakubwa wa Makka, miongoni mwao Utba bin Rabia na Abu Jahl, walipita pale wakaiona milango yake yapigwa na upepo, na Utba akashusha pumzi kwa huzuni. Baadaye Abu Sufyan akaitwaa nyumba hiyo akaiuza. Abdullahi bin Jahsh alipomshitakia Mtume, Mtume alimliwaza kwa nyumba iliyo bora kuliko hiyo, huko Peponi.

Katika visa hivi viwili twapata mambo mawili. La kwanza, kukaa mbali na nyumba ya mzazi si dhambi, na kuuzwa kwake si laana. La pili, ambalo watu wetu hulisahau, ni kwamba dhuluma katika kisa cha watu wa Jahsh ilikuwa ni kuuzwa mali ya watu wasiokuwapo. Kughibu hakuondoi haki. Kwa hivyo wale wanaosema barazani, "Amekwenda zake miaka 28, leo ataka nini?", wakosa. Ataka nusu yake, nayo ni yake, hata kama hakukanyaga Mombasa tangu siku aliyopanda ndege. Mwenyezi Mungu hakuyagawa mafungu kwa idadi ya miaka ya kukaa nyumbani.

Kabla ya kwenda mbele, lazima tuseme neno juu ya zile karatasi, maana watu wetu wengi huliwa hapo. Uwakala hukoma kwa mauti. Waraka ambao mama aliutia sahihi akiwa hai, wa kumruhusu mtu amwuzie nyumba, ulikufa siku aliyokufa yeye, kwa sharia yetu na kwa sharia ya serikali pia. Mwenye kuuza kwa waraka huo auza asichokuwa nacho. Na waraka wa mrithi mmoja hautoshi, hata ukitiwa sahihi mbele ya ubalozi, madhali nyumba ingali katika jina la marehemu. Mwislamu wa Kenya aweza kuipeleka mirathi yake mahakama ya kadhi, ambayo katiba ya 2010 imeithibitisha katika kifungu cha 170. Na Sharia ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, ilirekebishwa mwaka wa 1990 ili mafungu ya Waislamu yafuate dini yao. Lakini namna ya kusimamia mali haikuachwa wazi: hapana nyumba wala ardhi ya mayiti iwezayo kuuzwa kabla ya mahakama kutoa idhini ya usimamizi na kuithibitisha. Anayewaharakisha kwa siku 60, na idhini haijathibitishwa, ama hajui ama ajua sana. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine na kuuacha wa Kenya naye ajue ya kwamba katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 65, haimwachii asiyekuwa raia kumiliki ardhi illa kwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Na aliye mbali aulize pia kama nyumba ya mama ina ardhi yake. Maana Mombasa twazijua nyumba zisizo na ardhi, ambazo mwenyewe hulipa kodi ya kiwanja mpaka kufa, na watoto wake walioko nje wadhani ya kwamba wamerithi vyote viwili.

Sasa turudi kwa mwenzetu wa faraidhi. Hatusemi kwamba amekosa katika hesabu. Twasema kwamba sura aliyoitoa hesabu yake ina maneno mengine, nayo yametangulia mafungu. Aya ya 8 ya Suratin-Nisaa, iliyokaa baina ya aya iliyothibitisha mirathi na aya zilizobainisha mafungu, yaamrisha ya kwamba wakihudhuria ugawaji jamaa wasiorithi, na mayatima, na masikini, wapewe kitu katika mali ile na waambiwe neno jema. Wako waliosema ya kwamba aya hii imefutwa. Lakini imepokewa katika Bukhari ya kwamba Ibn Abbas aliyakataa maneno hayo, akasema haikufutwa, bali watu wameipuuza. Wengi wa wanazuoni waona ya kwamba amri yake ni ya kupendekeza na si ya kulazimisha. Na iwe hivyo. Sisi twamwomba msomaji alitazame neno moja tu katika aya hiyo, nalo ni kule kuhudhuria.

Mgawanyo unaotajwa hapo una mahali pake na una nyuso. Watu wameketi, mali iko mbele yao, na yule asiyerithi amesimama pembeni aonekana. Ndipo anaporuzukiwa: si kwa sababu ana fungu, bali kwa sababu yuko, na ni vigumu kwa mtu mwenye haya kuhesabu fedha mbele ya yatima asimpe kitu. Lakini nyumba ikiuzwa kutoka mbali, nani aliyehudhuria? Mnunuzi yuko Nairobi. Dalali yuko ofisini mwake. Mrithi yuko Uingereza, na fedha zapita benki. Yule yatima yuko uani anakanda unga wa mahamri, na hakuhudhuria kitu, kwa kuwa hapakuwa na pa kuhudhuria. Je, tuseme ya kwamba aya ambayo Ibn Abbas alisema haikufutwa, umbali umeifuta?

Hapa ndipo tulipofika usiku wa pili, na hapa ndipo watu walipokasirikiana. Ndugu mmoja alisema: mwenye kuwakilisha amekwisha timiza, wakala yuko badala yake. Twasema: wakala huibeba kazi, habebi dhima. Wakala akiuza kwa haki, wewe umeuza. Akimtoa mtu nje, wewe umemtoa, ijapokuwa siku hiyo ulikuwa kazini kwako na mvua yanyesha Uingereza na hukujua kama ni siku hiyo. Sharia imemruhusu mtu kuwakilisha katika kuuza kwa sababu ni tahafifu kwa waja. Haikumruhusu kuwakilisha katika kuulizwa Siku ya Kiyama.

Na kubwa kuliko hilo ni yale maneno ya mama. Hukumu ya kadhi na hukumu iliyo baina ya mtu na Mola wake zaweza kutafautiana, na maulamaa wamezipambanua tangu zamani. Mbele ya kadhi, neno la dada peke yake halimfungi ndugu: ni shahidi mmoja, na tena ni mwenye kukaa katika nyumba hiyo hiyo. Kadhi akilikataa hatukumlaumu. Lakini tazama jambo lenyewe. Mjukuu si mrithi hapa, na wasia kwa asiyekuwa mrithi wafaa ndani ya thuluthi. Kumwachia mtu akae chumbani kwa muda ni wasia wa manufaa, nao wanazuoni wameukubali. Basi ikiwa maneno yale yalisemwa kweli, na mama aliyakusudia kuwa wasia, kumwacha kijana chumbani mwake si hisani ya ami yake. Ni haki ya kijana, nayo imetangulia mafungu, kwa sababu Qurani imeyataja mafungu kuwa ni baada ya wasia na deni. Na mrithi mwenye kukiri wasia, kukiri kwake kwamfunga yeye katika fungu lake, wala hakuwafungi wenziwe. Mambo yote, basi, yasimama juu ya swali moja: ndugu huyu aamini, au haamini?

Alituandikia ya kwamba hana ushahidi. Sisi tukamjibu: hatukukuuliza ushahidi, hiyo ni kazi ya kadhi. Twakuuliza kama dadako ni mwongo. Kwa miaka 6 ulikuwa ukituma fedha za dawa na za mkunga wa kumgeuza mama kitandani, nazo zilikuwa zikifikia mikononi mwa dada huyu, na wewe mwenyewe watwambia ya kwamba hukumdai risiti hata siku moja. Ulimwamini kwa fedha zako zote hizo. Leo amekuja na neno moja la mama yenu, nalo ni zito kwako, ndipo ulipokumbuka ya kwamba mashahidi ni wawili.

Twakiri ya kwamba dada aweza kukosea. Mgonjwa wa kitandani husema mengi, na mwenye kumwuguza, akiwa amechoka, husikia lile alipendalo. Lakini dawa ya shaka ni kuuliza, nayo haikufanyika. Ndugu hakumpigia dada yake simu, alimpelekea dalali. Hakumwuliza ni siku gani mama alisema hivyo, na nani aliyekuwa akiingia na kutoka, na jirani wa mlango wa pili alisikia nini. Aliye karibu huona bila kutaka: aona kitanda cha kijana, asikia kikohozi chake usiku, awaona watoto wa shule wakisimama mezani kwake asubuhi. Aliye mbali hawezi kuona hayo, na hilo halimwondolei wajibu, bali lamwongezea mwingine, wa kuuliza yale ambayo mwenziwe huyaona bure. Mwenye kukaa mbali na akaacha kuuliza, kisha akasema "sijui", kutojua kwake amekutafuta mwenyewe.

Kuna na habari ya vikuku. Katika mwaka wa mwisho dada aliuza vikuku vyake vya dhahabu kwa gharama za hospitali. Tulimwuliza kama alimwambia mama ya kwamba ni mkopo. Akasema la, na angeona haya kumwambia. Basi si deni, na hawezi leo kulikata katika mirathi. Ni sadaka yake na wema kwa mama yake, na malipo yake yako kwa Mola. Wala kuuguza hakuna mshahara katika mirathi. Robo yake haikui kwa sababu hiyo. Wengine darasani walitaka tumwambie ndugu atoe kitu kwa ajili ya vikuku. Hatukumwambia. Tulimwandikia tu kwamba viliuzwa, na lini, na kwa kiasi gani. Kwani hakuwa akijua, na mtu achukuapo nusu ni haki ajue.

Baada ya hayo yatupasa tuwe waadilifu, maana dada naye ana lake. Kusema "sitoki" si jawabu. Nyumba ina robo yake, na robo tatu ni za nduguze, na mwenye kukaa juu ya mali ya wenziwe bila ya ridhaa yao, akakataa kuuza na akakataa kulipa kodi, huyo amekula mali ya watu ijapokuwa alimwuguza mama vizuri. Tena chini ya nyumba hiyo kuna duka lililokodishwa kwa shilingi 12,000 kwa mwezi. Tangu mama alipokufa, kodi hiyo ni ya warithi wote kwa mafungu yao. Kwa miezi 11 ni shilingi 132,000. Nusu yake, 66,000, ni ya ndugu wa Uingereza, na 33,000 ni ya dada wa Jeddah. Tulimwuliza ziko wapi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ya kwamba hakuna aliyezitaja. Hilo pia ni tunda la umbali: aliye mbali hauoni mkono wa aliye karibu, na aliye karibu huzowea kutoonekana. Huyu amtaka nduguye aliamini neno la mama bila ya shahidi, na huku mwenyewe hajatoa hesabu ya duka.

Wako waliotaka tuseme ya kwamba kumwuzia mgeni ni haramu kwa sababu mji wahama mikononi mwa wenyewe. Twayaona hayo, na twasikitika. Lamu iliandikwa na UNESCO mwaka wa 2001 kuwa urithi wa ulimwengu, na nyumba zake za mawe, na za Shela, nyingi zimenunuliwa na wageni wanaokuja kwa msimu. Lakini hatuwezi kuharimisha kwa sababu ya huzuni. Tuwezalo kusema ni kwamba Mtume alikataza mshirika asiuze fungu lake kabla ya kumwarifu mshirika mwenziwe, na hadithi hiyo iko katika Muslim kutoka kwa Jabir. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii wametafautiana juu ya shufaa katika nyumba ndogo isiyogawika. Kumwarifu mwenzio, hata hivyo, hakuhitaji khilafu za maulamaa. Nyumba itolewe kwanza kwa madada kwa bei ile ile ya dalali, wapewe muda wa kutafuta. Na imepokewa na Ibn Majah hadithi ya kwamba mwenye kuuza nyumba asiitie thamani yake katika mfano wake, hastahiki kubarikiwa katika fedha hizo. Baadhi ya wajuzi wameitia ila sanadi yake, lakini maana yake twaiona kila siku.

Na wazazi walio hai wasituachie sisi fitina hii. Watu wa Lamu wa zamani walikuwa wakimpa binti nyumba siku ya kuolewa, akaingia akakaa, ikawa yake baba akiwa hai. Kwa Shafii hiba haitimii illa kwa kukabidhiwa; maneno ya kitandani "nyumba hii ni ya fulani" hayampi fulani kitu. Na atakayempa mtoto mmoja aikumbuke hadithi ya Nuuman bin Bashir, ambaye baba yake alimpa kitu peke yake, na Mtume akakataa kushuhudia baada ya kuuliza kama watoto wengine wamepewa mfano wake. Mama huyu, lau angalimwita jirani na imamu wa msikiti, akasema mbele yao maneno yale kumi kuhusu mjukuu wake, sisi tungalilala mapema.

Jawabu letu kwa ndugu wa Uingereza lilikuwa ya kwamba nusu ni yake na aweza kuiuza. Asiuze kabla ya idhini ya mahakama na kabla ya kuwaarifu madada. Amwulize dada yake kwa sauti yake mwenyewe habari ya maneno ya mama, kisha ajihukumu kwa kile anachokiamini, si kwa kile kinachoweza kuthibitishwa. Na siku ya kugawa awepo. Akiwa hawezi kuja, wakutane kwa simu ya picha, na kijana aketi pale pale waonekane na yeye. Kwa dada tuliandika atoe hesabu ya duka kabla ya kusema neno jingine.

Majibu yamekuja. Dada ameandika hesabu katika daftari la shule, mwezi kwa mwezi, na shilingi 40,000 ametumia kuezekea paa lililovuja, na risiti ya fundi iko. Zilizobaki amezigawa na kuzipeleka. Ndugu atwambia ya kwamba amezungumza na dada yake usiku mzima, kwa mara ya kwanza tangu maziko, na kwamba aliyataka maneno ya mama ayasikie kama yalivyosemwa, kwa lafudhi yake, na alipoyasikia aliyajua. Amekiri wasia katika nusu yake. Uuzaji umesimama mpaka atakapokuja baada ya Ramadhani, na yule mnunuzi amekwisha chukua nyumba nyingine mtaa wa pili. Dada wa Jeddah tumemwandikia mara mbili, na hajajibu. Na pasipo neno lake, robo yake ingali nje ya mapatano haya.